Saa Niliyoitoa Mara Mbili

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kukata tiketi za ndege lilikuwa la hesabu ya darasa la pili. Nilichukua saa ya kufika, nikatoa saa ya kuondoka, nikapata jibu, nikampa mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa Bwana Massawe, muuza mapazia wa Mtaa wa Sikukuu, aliyekuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Aliniuliza swali ambalo karibu kila mteja huuliza: "Sele, huko ni mbali kiasi gani? Nitakaa angani masaa mangapi?" Tiketi ilisema ndege inaondoka Dar saa tano asubuhi, inafika kule saa nane na nusu usiku. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza nikapata masaa kumi na tano na nusu. Kurudi, inaondoka kule saa nane mchana, inafika Dar saa mbili usiku. Masaa sita. Nikamwandikia yote mawili kwenye karatasi na kupiga mstari kwa rula, maana nilikuwa mtu wa rula.

Massawe akaitazama ile karatasi. "Kwenda kumi na tano, kurudi sita. Njia ni ileile?"

Sikujua. Lakini nilikuwa na wiki tatu tu kazini, na mtu mwenye wiki tatu kazini anaogopa kusema "sijui" kuliko anavyoogopa kusema uongo. Nikamwambia, "Ni upepo, kaka. Wakati wa kurudi unakuwa nyuma yenu."

Alirudi baada ya siku kumi na mbili. Aliingia ofisini wakati tuna wateja wanne, na hakutaka kiti.

"Sele," akasema, "ule upepo wako ulifia njiani."

Kisha akawasimulia wote wanne. Baada ya masaa sita angani alisimama, akafungua kabati la juu, akatoa mkoba na koti, akajipanga kwenye njia kusubiri mlango. Mhudumu akamwuliza anakwenda wapi. "Nikamwambia nashuka. Akaniambia, baba, hapa chini ni bahari." Akarudi kukaa na mkoba mapajani, na safari ikaendelea masaa mengine matano. Wateja walicheka mpaka mmoja akasahau alichofuata. Mimi nilitazama rula yangu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, kwenye ofisi zile chache zilizobaki, kwa sababu wawili wenu mlinifuata mkaniomba niwaeleze niliyojifunza. Najiita mstaafu, na mnaruhusiwa kucheka. Nina miaka thelathini na tatu. Nilikata tiketi miaka tisa, ofisi ikafungwa, na siku hizi nafunga vioo vya simu Mtaa wa Aggrey. Lakini kazi ikishakwisha, imekwisha, hata kama mwenyewe bado huna mvi. Sikwenda chuo chochote cha usafiri. Nilijifundisha mwenyewe, na ndiyo maana nilikosea makosa ambayo mtu aliyefundishwa hawezi hata kuyafikiria.

Aliyenipa kazi alikuwa Mama Anna, mwanamke wa Machame aliyeanza kwa kuuza mitumba, akaona wafanyabiashara wenzake wanahangaika na safari, akafungua chumba kimoja cha tiketi ghorofani, juu ya duka la vyombo. Siku ile ya Massawe hakunigombeza. Alisubiri wateja waondoke, akachukua tiketi ya mtu mwingine iliyokuwa mezani, akaweka kidole.

"Hii saa ya kuondoka ni saa ya wapi?"

"Ya Dar, mama."

"Na hii ya kufika?"

Nikaanza kuhesabu vidole chini ya meza.

"Ni ya ukuta wa kule," akasema. "Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ukutani ya mji huo. Guangzhou wako mbele yetu masaa matano. Kwa hiyo kwenda utaona safari imenenepa, kurudi utaona imekonda. Ndege ni ileile na umbali ni uleule. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilichokuwa nimepata ni hofu, na mtu mwenye hofu hujifunza kitu kimoja tu: kutorudia kosa lile. Haimsaidii kuyaona mengine yanayokuja.

Nikaamua kwamba mimi, Selemani, nitajua umbali na muda wa kila safari inayotoka Dar. Nilinunua atlasi ya shule iliyotumika kwa muuza vitabu wa barabarani, nikawa napima kwa uzi wa kushonea: uzi kutoka Dar hadi mji, kisha uzi kwenye kipimo cha chini ya ramani. Majibu hayakukubaliana. Mji uleule kwenye kurasa mbili ulikuwa na umbali tofauti. Nilikosa usingizi kwa jambo hilo. Mpaka mpangaji mwenzangu kule Buguruni, ambaye ni fundi magari, akaniambia dunia ni duara na karatasi ni bapa, nilitegemea nini. Nikaenda Mtaa wa Kongo, nikanunua tufe la plastiki kwenye duka la midoli. Lilikuwa limechapwa vibaya, Zanzibar iko karibu na Mombasa, lakini uzi ulikaa vizuri juu yake. Usiku na mchana nikapima. Nikajaza daftari la kurasa mia: mji, kilomita, masaa ya angani, tofauti ya saa za ukutani.

Daftari hilo lilinifundisha mambo mawili matatu ya kweli, nami nawapa. Ndege kubwa ikishakuwa juu hukimbia kilomita mia nane hadi mia tisa kwa saa. Kwa hiyo ukijua umbali unaweza kukisia muda, halafu uongeze nusu saa ya kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani. Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita mia nane na hamsini, na ndege huchukua kama saa moja na nusu. Dubai ni kama kilomita elfu nne, masaa matano na nusu na ushei. Ukiisahau ile nusu saa utaaibika. Kwa hesabu tupu Zanzibar ni dakika tano, na mimi nilimwambia hivyo bibi mmoja aliyekuwa na hofu ya kuruka. Alikaa angani dakika ishirini akisali, akiamini rubani amepotea.

Jambo jingine Mama Anna alinionyesha kwa saa yake ya mkononi. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Wateja wengi huchanganyikiwa hapo, na wakala pia. Yeye hakuwa akitoa sita kichwani. Alimwambia mteja: "Tazama mshale mfupi, kisha tazama upande wa pili kabisa wa duara. Hapo ndipo saa yetu." Halafu alimtaka mteja airudie kwa mdomo wake mwenyewe, na aseme siku, na aseme ni kabla au baada ya swala gani, au kabla ya misa ipi. Niliona ni kupoteza muda. Tiketi ya dakika ishirini baada ya usiku wa manane ikiwa na tarehe ya Ijumaa, mteja anatakiwa uwanjani Alhamisi jioni. Nilishasahau kumtaka mtu airudie kwa mdomo wake, naye akaenda uwanjani Ijumaa jioni na begi la kilo ishirini na tatu, akakuta ndege yake imeshafika ilikokuwa inakwenda.

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya niandike haya.

Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja kama saa mbili, alikuja Mzee Seif. Alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka kwetu, familia ya Kiarabu iliyokaa Magomeni tangu babu zao, na safari zao zote za Maskati walikata kwetu. Siku hiyo hakuwa na kanzu yake ya dukani, na macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu amefariki usiku. Bi Zuhura."

Nikampa pole. Bi Zuhura nilimjua. Ndiye aliyekuwa akinipigia simu kila mwanawe Nassor anaposafiri, aniulize ndege imefika au bado, kana kwamba naiona dirishani. Nassor ndiye mtoto wake pekee, na alikuwa anafanya kazi Maskati.

Mzee Seif akanipa simu yake. "Nassor amekata tiketi mwenyewe kule usiku huuhuu. Amenitumia picha. Macho yangu hayaoni maandishi haya. Tusomee, anafika saa ngapi? Tunataka tupange maziko."

Wale kati yenu ambao si Waislamu mjue hili: kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akifa usiku, kesho yake anazikwa, na waliobaki hupanga kwa kufuata swala: baada ya Adhuhuri au baada ya Alasiri. Na mwanamke hushushwa kaburini na mwanamume wa karibu naye: mwanawe, ndugu yake. Mtoto wa kiume aliye mmoja hana heshima ya mwisho kubwa kuliko hiyo.

Tiketi ilisema: kuondoka Maskati 09:45, kufika Dar es Salaam 14:25.

Laiti ningekuwa bado yule mjinga wa wiki tatu ningesoma nilichokiona. Lakini nilikuwa nimeshaungua na Massawe, na nilikuwa na daftari. Nikafungua ukurasa wa Maskati: wako mbele yetu saa moja. Nikajiambia, hapa ndipo wengine wanapokosea, mimi sikosei tena. Nikatoa saa moja. 13:25. Nikageuza kwa saa yetu, nikaandika kwa kalamu nyekundu: saa saba na dakika ishirini na tano mchana. Nikapiga mstari mara mbili.

"Alhamdulillah," akasema Mzee Seif. "Basi Alasiri anaiwahi vizuri. Maiti itatoka nyumbani saa tisa na nusu. Tukifika hapo hajafika, tutaondoka. Nampenda Nassor, lakini siwezi kumweka dada yangu juu ya ardhi kwa ajili ya aliye hai."

Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaondoka. Nilijisikia vizuri. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Kwenye saa sita mchana kulikuwa hakuna wateja, na mimi nikiwa sina kazi hukagua. Nikachukua daftari nione kama Nassor sasa yuko juu ya bahari au ameshafika usawa wa Somalia. Ameondoka saa tatu na dakika arobaini na tano ya kule, ambayo kwetu ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Anatua saa saba na dakika ishirini na tano. Nikahesabu masaa ya angani, nikapata manne na dakika arobaini.

Maskati kwenye daftari langu ni karibu kilomita elfu nne, sawasawa na Dubai. Dubai ni masaa matano na nusu na ushei. Ndege ya Nassor ilikuwa imeangusha saa nzima mahali fulani.

Nikahesabu tena nikapata manne na dakika arobaini. Nikafikiri, labda uzi ulilegea. Nikatoa tufe kwenye kabati, nikapima upya, uzi ukasema elfu nne. Nikafikiri, tufe hili ndilo lililoweka Zanzibar Mombasa, nani amesema Maskati wameiweka mahali pake? Nikafikiri labda ndege hii ni ya kasi zaidi. Nikafikiri labda tiketi iliyokatwa kule huandika saa zote mbili za kule, na hapo nitakuwa nimepatia. Halafu nikafikiri hapana. Halafu nikafikiri ndiyo. Nilikuwa na majibu mawili, na kila nililoligusa lilionekana kweli mpaka niguse la pili. Kichwa kilikuwa kama mtungi unaotikiswa.

Nikampigia Mama Anna. Alikuwa benki.

"Mama, tiketi ya Nassor inasema kufika 14:25. Nimetoa saa moja."

"Umeitoa kwa sababu gani?"

"Tofauti ya Maskati."

"Ndege inatua Maskati?"

"Hapana. Inatua Dar."

"Basi 14:25 ni ya ukuta wa wapi?"

"Wa Dar. Lakini mama, tiketi imekatwa kule, labda wao—"

"Sele, unabishana na nani?"

"Sina uhakika, mama. Nikihesabu hivi napata hivi, nikihesabu vile—"

"Nisikilize. Hujui, sawa. Ukisema anafika saa nane na akafika saa saba, wamepoteza nini?"

"Watakaa naye saa moja zaidi."

"Na ukiwaacha na saa saba, akafika saa nane?"

Nilikuwa naiona foleni ya barabara ya uwanja wa ndege. Atue saa nane na dakika ishirini na tano, apange mstari wa pasipoti, atoke nje kama saa tisa na dakika kumi na tano. Saa tisa na nusu jeneza linanyanyuliwa Magomeni, na yeye hajafika hata makutano ya Tazara.

"Ukiwa huna uhakika," Mama Anna akasema, "chagua kosa ambalo mteja anaweza kulibeba. Na usipige simu. Habari ya hivyo inapelekwa kwa miguu. Funga ofisi uende."

Nikafunga ofisi. Nilichukua bodaboda mpaka Magomeni, na njia nzima nilikuwa bado nahesabu. Nawaambia hili kwa aibu: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaombea nikute nimepatia asubuhi, ili nisilazimike kufungua mdomo.

Nje ya nyumba turubai lilikuwa limefungwa barabarani, wanaume wameketi kwenye mikeka, wengine wanasoma juzuu, wengine wanaongea chini chini. Mzee Seif alikuwa karibu na mlango. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mzee, nimekuja kuhusu ile saa."

"Ndege imeahirishwa?"

"Hapana. Nafikiri nilisoma vibaya. Nafikiri ni saa nane na dakika ishirini na tano, si saa saba."

Mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya kufuma, shemeji wa marehemu, akageuka. "Kijana, asubuhi saa saba, mchana saa nane. Tukikusubiri mpaka jioni itakuwa saa ngapi?"

Wachache walicheka, kicheko kile cha msibani kinachokatwa haraka.

"Unafikiri au unajua?" Mzee Seif akauliza.

"Mzee, kuna namna mbili za kuisoma. Ikiwa tiketi imeandikwa kwa saa ya kule, basi—"

"Sikukuuliza namna. Simu ya Nassor imezimwa, yuko angani. Watu wa Tanga wako njiani. Msikitini wameshatangaza. Wachimbaji wameambiwa. Unataka niwageuze wote hao kwa 'nafikiri'?"

"Hapana, mzee."

"Basi nipe moja."

Tangu siku ya Massawe nilikuwa sijawahi kutoa jibu bila daftari. Pale mkekani sikuwa na daftari wala tufe, na watu arobaini walikuwa wananitazama. Nilikuwa bado sijaelewa. Naapa, kama mngeniuliza pale pale nieleze kwa nini saa ile haitolewi, nisingeweza. Nilijua tu ni kosa lipi wao wangeweza kulibeba.

"Saa nane na dakika ishirini na tano," nikasema. "Na kutoka nje ya uwanja ni saa tisa na robo. Asubuhi nilikosea mimi. Tiketi haikukosea, wala Nassor hakukosea."

Shemeji mwenye kofia akasema, "Seif, huyu mtoto anatuchezea. Tuendelee na mpango." Mzee Seif alitoa mfukoni ile karatasi yangu ya kalamu nyekundu, akaisogeza mbele ya macho ingawa alikuwa hawezi kuisoma, akanirudishia.

"Alasiri tutaswali kwa wakati wake," akasema, si kwangu bali kwa wote. "Zuhura tutamswalia palepale, kama ilivyotangazwa. Kisha atalala msikitini mpaka saa kumi na nusu. Saa kumi na nusu tunanyanyua. Nassor asipofika, nitashuka mimi." Kisha kwangu: "Na wewe hubanduki hapa. Utaswali na sisi, utazika na sisi."

Sikubanduka. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, na muda ulienda kwa namna ambayo hakuna daftari linaweza kuupima. Saa nane na nusu niliitazama anga kama mtoto. Saa tisa kasoro dakika kumi simu ya Mzee Seif ikalia. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Njoo," akaikata, akanitazama mara moja tu. "Ndiyo kwanza wametua. Yuko kwenye mstari wa pasipoti."

Sikupata raha niliyoitegemea. Niliona tu jinsi saa ile moja ilivyokuwa kubwa, na jinsi nilivyoibeba kwa kalamu nyekundu mpaka nikampa mtu aliyefiwa aiweke mfukoni.

Tuliswali Alasiri. Tukamswalia Bi Zuhura. Jeneza likabaki mbele, limefunikwa kitambaa cha kijani, na watu wakakaa. Saa kumi na dakika kumi Nassor alipiga simu, yuko Buguruni, gari halisogei. Saa kumi na robo alikuwa bado Buguruni. Shemeji akaanza kuhema kwa sauti. Mzee Seif alikuwa mtu wa neno lake. Saa kumi na nusu alisimama, akasema bismillahi, jeneza likanyanyuliwa. Nilipata kuligusa mara mbili, maana kwenye maziko yetu jeneza hupokelewa na kila mtu, mikono inabadilishana, na hatua ni za haraka. Safari hiyo nilitamani tutembee polepole.

Kaburini Mzee Seif alivua viatu, akakunja kanzu na kuifunga kiunoni. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Watu wawili wakamshika mikono ashuke.

Ndipo tukasikia bodaboda ikija kwa nguvu kwenye njia ya vumbi. Nassor alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, amevaa shati la safari, hana begi. Alikuwa ameliacha gari na begi na dereva wa watu kule kwenye foleni ya Buguruni, akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Watu walifungua njia. Mzee Seif akaachia mikono iliyomshika, akarudi nyuma hatua moja.

Nassor alishuka. Alimpokea mama yake kwa mikono yake, akamlaza, akafungua kamba za sanda kama inavyotakiwa, na alipokuwa anapanda, mjomba wake ndiye aliyempa mkono.

Baada ya dua watu walianza kutawanyika. Nilijua itanibidi niende kwake, na nilikwenda. Nikampa mkono wa pole. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye vidole vyake.

"Wewe ndiye Sele," akasema. "Mama alikuwa akikutaja."

"Kaka, mimi ndiye niliyewapa saa isiyo sahihi asubuhi. Nilitoa saa moja ambayo tiketi ilikuwa imeshaitoa. Nusura wakuache."

Alinisikiliza kana kwamba namweleza habari za mtu mwingine wa mji mwingine. Sijui kama aliniwia radhi wala sijui kama alinisikia. Akatazama saa yake ya mkononi, akaitazama tena, akakunja uso.

"Hii bado ni ya kule," akasema. "Hapa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika ishirini."

Akairudisha nyuma saa moja taratibu, kidole kikiacha udongo kwenye kioo, kisha akamfuata mjomba wake.

Kwa miaka saba iliyobaki ya kazi yangu sikuongeza wala kupunguza saa kwenye tiketi ya mtu yeyote. Nilisoma ilivyoandikwa, nikamwonyesha mteja, nikamwacha airudie kwa mdomo wake. Pale nilipokuwa sijui, nilisema sijui. Sasa wateja wenu wanasoma muda wa safari kwenye simu zao kabla hawajafika kwenu, na mara nyingi simu inapatia.